Kadi Isiyo na Mdomo

"Mvuke wa sufuria yako ndio umeniulia kadi, Dada Sáu! Usinitolee macho. Kila siku nakwambia geuza jiko, geuza jiko, wewe unageuza shingo. Sasa tazama!"

Aliyekuwa akipiga kelele ni Kaka Chín, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta katika uchochoro wa nyuma ya soko, hapa Cao Lãnh. Mimi nauza tambi za supu, yeye anauza vifaa vya kompyuta vilivyokwisha kutumika. Alisimama kwenye mpaka wetu, yaani kwenye mfereji, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeinua kadi ya picha nene kama tofali, feni mbili usoni, kamba nyekundu ya nailoni ikining'inia ubavuni. Asiyejua kadi ya picha ni nini asijione mshamba. Hata mimi nimejua kwa kulazimishwa. Ni kile kipande kinachochomekwa ndani ya kompyuta ya mezani ili iweze kuchora picha nzito bila kugugumia.

"Imekufa?" nikamuuliza.

"Imekufa."

"Pole. Na wale nyati wako wa zamani waliokufa, nao niliwaua kwa supu?"

"Nyati usiwaingize humu."

"Mimi? Wewe ndiye unayewaingiza kila mahali. Nina wateja watatu wananingoja, Kaka Chín. Sema upesi, au vuka uje uoshe mabakuli."

Wateja wenyewe hawakuwa na haraka. Mmoja alikuwa ameshageuza kiti ili aone vizuri.

Kati yetu alisimama Diệu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole mpaka anaudhi, mwenye duka la picha pale kwenye kona. Kazi yake ni kuzirudishia uhai picha za marehemu. Unampelekea kipicha kilicholiwa na unyevu, anakupa uso mkubwa, safi, wa kuweka juu ya madhabahu ya nyumbani. Yeye ndiye aliyeirudisha ile kadi, baada ya kupewa na Kaka Chín juzi yake.

"Mjomba Chín, sikusema imekufa," Diệu akasema taratibu. "Nilisema kompyuta inazimika. Nikiwasha, inawaka vizuri. Nikifungua picha ya bibi, mama yako, na kuanza kuikuza, puu, giza. Mara tatu sasa."

"Ndiyo kufa kwenyewe huko! Unyevu umeingia. Na unyevu umetoka wapi? Itazame ile sufuria, haina hata kifuniko!"

Hapo ndipo aliponigusa pabaya. Ni kweli sufuria yangu haina kifuniko. Lakini kwa nini haina, hilo alilimeza. Ngoja niseme kwanza mtu huyu ni nani, halafu mtaona kama nilikuwa na haki ya kumnyooshea kijiko.

Kaka Chín ana miaka hamsini na tisa, na zaidi ya nusu yake aliimalizia kwenye nyati. Alikuwa dalali katika soko la nyati la Tà Ngáo, kule mpakani. Alisimama kati ya muuzaji na mnunuzi, akafungua mdomo wa mnyama, akahesabu meno, akapapasa shingo, akanusa pumzi, kisha akataja bei kama vile ameisoma ndani ya sikio la nyati. Mwenyewe anasema hakuwahi kukosea. Mke wake, Lành, anasema alikosea mara moja tu, nyati akaja nyumbani wakamla.

Zikaja trekta za kusukuma kwa mkono. Wakulima wakaacha kununua nyati, wakabaki wachinjaji, na mchinjaji meno hana haja nayo. Kaka Chín akakaa nyumbani miezi minane akipapasa shingo za bata.

Binamu yake aliyekuwa Saigon akamwita akalinde nyumba. Ndani ya nyumba hiyo hakukaa mtu. Zilikaa mashine za kuchimba zile sarafu za mtandaoni, kadi za picha zimepangwa kwenye rafu kutoka sakafuni hadi darini, zinanguruma mchana kutwa na usiku kucha. Vijana wa kazi hiyo walikuwa wakiziita nyati wa kulima, kwa sababu zinavuta jembe bila kupumzika wala kulalamika. Ulikuwa mzaha wao tu. Lakini Kaka Chín hakusikia mzaha, alisikia nyati. Akawa anazipitia mojamoja asubuhi, anagusa kama zina homa, anazipepea kwa upepeo wa mnazi. Bei ya sarafu ilipoporomoka, binamu hakuwa na mshahara wa kumlipa, akamlipa kadi arobaini na moja. Akazitia kwenye magunia mawili ya mbolea akarudi nazo kwa basi, moja mapajani, moja miguuni. Lành alidhani ameletewa chakula cha bata. Alipofungua gunia alilia.

Basi ndivyo kibanda kilivyoanza, miaka sita iliyopita, na sitamnyima haki yake: mikono anayo. Anajua kuifungua kadi, kuisugua, kuipaka dawa mpya ya joto, kuilainisha feni iliyokuwa inalia kama paka. Kadi iliyolima miaka mitatu anairudisha ikiwa inang'aa.

Shida yake ni kuchagua. Anachagua kama yuko Tà Ngáo. Kwanza anaipima kwa kiganja. Nyepesi hana imani nayo. Kisha anauliza ina viini vingapi, maana ndani ya kila kadi kuna viini vidogo vinavyofanya hesabu, mamia kwa mamia, na yeye anavihesabu kuwa ndiyo meno. Kisha anainusa. Mwisho anatazama mdomo. Mdomo ni ile soketi ndogo ya ubavuni ambako kadi inalishwa umeme kwa waya wake wa pekee. Wenye matundu sita ni mlaji wa kawaida, wenye manane ni dume. "Nyati mzima ni yule anayekula," ndivyo anavyowaambia wateja, na wateja, watu wazima wenye akili zao, wanaitikia kwa kichwa.

Na ile kamba nyekundu. Kila kadi ina yake. Mkikubaliana, hakupi kadi mkononi, anakukabidhi kamba. Ukishaishika, biashara imekwisha, hakuna kurudisha. Anasema ndivyo walivyokuwa wakifanya kule. Watu wanaishika huku wanacheka. Wakirudi na malalamiko hawacheki tena.

Sasa kifuniko. Kadi zilizolima anaziosha, halafu anazianika uchochoroni. Mwaka juzi, siku chache kabla ya mwaka mpya wetu wa Tết, jua lilikuwa halina nguvu, akaja kuniazima kifuniko cha sufuria kubwa, cha alumini, ili arudishie mwanga wa jua kwenye kadi zake. "Dakika kumi tu, Dada Sáu." Katika dakika ya saba gari la matikiti maji likarudi nyuma. Kifuniko changu kikawa bapa kama kaukau ya mchele. Akaniahidi kingine kabla ya Tết. Tumeshasherehekea Tết mbili. Vya sokoni vya ukubwa ule siku hizi ni vyepesi kama karatasi, nami nilikataa kununua kwa fedha yangu kitu ninachodai, basi sufuria ikakaa wazi. Mvuke anaoulalamikia unatokea kwenye mlango alioufungua mwenyewe.

Hilo nikamwambia, mbele ya wateja.

"Kifuniko ni habari nyingine," akasema.

"Ni habari hiyo hiyo. Nipe kifuniko, mvuke utakaa ndani na nyama yake."

"Mjomba," Diệu akaingilia, "zimebaki siku nne."

Kaka Chín akaishusha kadi. Nami nikashusha kijiko.

Nikajua siku nne za nini. Mtaa mzima unajua. Ilikuwa kumbukumbu ya kumi ya kifo cha mama yake, na mwaka huu zamu ya kuandaa karamu ni yake. Kaka na dada zake wote walikuwa wanakuja, kuanzia Kaka Hai wa Cà Mau, mkubwa wao, mwenye miaka sabini na sita. Marehemu hakupenda kupigwa picha. Aliacha kipicha kimoja tu, cha kitambulisho, kidogo kama kucha ya dole gumba, na mafuriko ya mwaka fulani yakala shavu lake la kushoto. Kwa hiyo walimwajiri mchoraji, akachora kwa kukisia. Akatoka mama mwenye uso wa mviringo, midomo myekundu, anatabasamu. Kila mwaka, chakula cha marehemu kikishatengwa, Kaka Hai anasimama mbele ya madhabahu na vijiti vya ubani mkononi, anauliza kwa sauti: "Huyu tunayemlisha ni mama wa nani?" Ndugu wanacheka. Kaka Chín hacheki. Ni kitinda mimba, ndiye aliyekaa na mama hadi mwisho, na ule mchoro yeye ndiye aliyeukubali, kwa sababu siku ile alikuwa analia na hakuutazama vizuri.

Mwaka huu akawapigia simu wote: njooni, mtamwona mama mwenyewe. Akampelekea Diệu kile kipicha. Diệu akamwambia kompyuta yake imeunguza kadi, programu ya kukuza nyuso haiendi bila kadi. Wakakubaliana bila fedha: yeye atoe kadi, Diệu atoe uso. Na kwa kuwa ni mama yake, Kaka Chín akatoa ile aliyoiona bora kwenye rafu, ile tofali, ya namba mia tisa na sitini. Sasa uso hakuna, na ndugu wameshakata tiketi.

"Nipe simu yako," nikamwambia Diệu. "Najua umeshatafuta humo. Ulitafuta nini?"

"Nililinganisha, Shangazi. Hii na ile nyingine ya mjomba."

"Nyingine ipi?" Kaka Chín akadakia.

Diệu akaonyesha kwa kidole. Juu ya meza ya Kaka Chín, juu ya rundo la tiketi zake za bahati nasibu ambazo hazikushinda lakini hazitupi, ilikuwa imelazwa kadi ndogo, feni moja, fupi kuliko kiganja na kidole. Aliigeuza kuwa jiwe la kuzuia karatasi.

"Ile?" Akacheka kwa nguvu hadi mteja wangu akaacha kutafuna. "Ile ya namba elfu moja na hamsini Ti? Binti yangu, ile niliongezewa bure nilipokuwa nanunua nyingine. Igeuze ubavu uone. Haina mdomo! Umewahi kuona nyati asiye na mdomo?"

"Soma, Shangazi Sáu," Diệu akaninong'oneza. "Mimi hanisikilizi."

Nilimaliza darasa la tano, sikwenda mbele. Lakini kusoma safu mbili za namba zilizosimama bega kwa bega si kazi ngumu. Kila alfajiri nalinganisha mifupa ya wauza nyama wawili. Nikafuta mikono, nikasoma kwa sauti, uchochoro mzima usikie.

"Viini. Tofali, elfu moja na ishirini na nne. Jiwe la karatasi, mia saba sitini na nane."

"Ahaa!" Kaka Chín akageukia wateja. "Meno hayo. Nani ana meno mengi?"

"Wako. Tulia. Mwendo wa viini. Tofali, elfu moja mia moja na kitu. Kadogo, elfu moja na karibu mia tatu."

"Wachache lakini wanakimbia," akasema mteja aliyegeuza kiti.

"Wewe kula," Kaka Chín akamwambia.

"Njia ya kupitishia mzigo. Tofali, mia moja ishirini na nane. Kadogo, mia moja ishirini na nane. Mzigo unaopita kwa sekunde, giga mia na kumi na mbili, na huku pia mia na kumi na mbili. Mapacha hao. Sasa ghala, yaani pa kuwekea picha wakati wa kuifanyia kazi. Tofali, giga mbili." Nikaifuta simu kwanza, kwa makusudi kabisa. "Kadogo, giga nne."

"Nne?" akasema.

"Nne. Ulikuwa unazuilia tiketi zilizokosa kwa ghala mara mbili ya hilo ulilobeba."

Akaitazama kadi mkononi mwake kama mtu aliyeambiwa jambo kuhusu mkwe wake.

"Chakula," nikaendelea. "Tofali, wati mia moja na ishirini. Kadogo, wati sabini na tano. Diệu, kompyuta yako ina nguvu gani?"

"Ni ya ofisini, Shangazi, niliipata benki ilipobadilisha zake. Kisanduku cha umeme kimeandikwa wati mia mbili na arobaini, kwa mashine nzima. Tena hakina waya wa kulisha kadi. Mjomba aliunganisha kwa waya wa kuazima, ule wa kwenye diski."

Basi nikaelewa. Sikuelewa kompyuta, nilielewa jiko. Mwaka jana nilichomeka sufuria ya wali na birika kwenye waya mmoja. Kila kitu kilikaa kimya mpaka vyote viwili vilipoanza kuchemka, hapo uchochoro mzima ukazimika. Na aliyenitukana siku ile kuliko wote ni huyu huyu aliyesimama kwenye mfereji.

"Kaka Chín, kumbuka birika langu."

"Birika limeingiaje?"

"Tofali lako likikaa bure halina neno. Likianza kulima picha ya mama, linafungua mdomo wake mkubwa, sahani haina kitu, nyumba nzima inazimika. Halijafa. Lina njaa. Umempelekea binti wa watu dume la kilo mia sita, na yeye ana nyasi za mbuzi."

Mteja akapiga meza kwa vijiti vya kulia. Kaka Chín akawa mwekundu masikioni.

"Na hiyo isiyo na mdomo inakula kwa wapi? Niambieni basi. Kwa masikio?"

Hilo sikulijua, nikamtazama Diệu. Diệu akajibu mwenyewe, na ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kuongeza sauti. "Kwa mguu, Mjomba. Inakunywa umeme pale pale ilipochomekwa. Wati sabini na tano zinatosha kupita hapo, haihitaji waya mwingine."

"Kama mpunga," nikasema. "Umewahi kuona mpunga una mdomo? Unakunywa uliposimama. Miaka yote hiyo shambani ukatazama nyati tu."

Nilidhani atanirudishia. Anayo maneno, huyo. Lakini alikaa anaichezea ile kamba nyekundu, anaizungusha kidoleni, na nikaona tatizo lake halikuwa tena la umeme. Kamba ilikwisha kubadili mkono. Miaka sita hajawahi kuipokea. Alimkatalia mwalimu wa sekondari, alimkatalia hata mdogo wangu mimi, tukanuniana wiki mbili. Akiipokea leo, mbele ya watu wanaokula tambi, kesho atakuta foleni ya watu wanaorudisha kadi zao.

Lành alikuwa amekaa ndani ya kibanda tangu mwanzo, anamenya vitunguu. Akasema bila kuinua kichwa: "Mama anakungoja, Chín."

Akakohoa. Akanyoosha shati.

"Kule Tà Ngáo," akaanza, "kulikuwa na sheria. Mnunuzi akiwa ni mtu anayefanya kazi ya marehemu, fundi wa majeneza, mchonga mawe ya kaburi, mtu wa namna hiyo, alikuwa anaruhusiwa kubadilisha mnyama. Ndani ya siku tatu."

"Na tangu juzi ni siku ngapi?" nikauliza.

"Tatu."

"Bahati iliyoje."

Sheria hiyo aliitunga pale pale. Niliuona mdomo wake ukiitafuta. Lakini nilikuwa nimeshamsema vya kutosha kwa asubuhi moja, nikajishughulisha na vitunguu vya kukaanga. Akaikunja kamba ya tofali kiganjani, maana yake ameipokea. Akaenda mezani, akaiinua kadi ndogo, tiketi zikapeperuka hadi kwenye mfereji, asijali. Akaifuta kwa pindo la shati. Akakata kamba mpya, akaifunga kwa fundo lake lile la nyati, akampa Diệu ncha.

Tulikwenda wote kwenye kona. Nilimwachia mteja mmoja kijiko changu, jambo ambalo sikulifanya hata nilipokuwa na uchungu wa mtoto wangu wa pili.

Ndani ya duka la Diệu kompyuta ilikuwa imelazwa ubavu, tumbo wazi. Kaka Chín akaichomeka mwenyewe. Kadi ikapotea mle ndani kama punje ya pilipili ndani ya bakuli. Hakuna waya, hakuna kuazima. Feni ikazunguka, bila sauti.

"Haingurumi," akasema kwa wasiwasi.

"Hata wewe usingurume," nikamwambia.

Diệu akafungua kipicha. Ukatokea uso wa ukungu, shavu moja doa la kahawia. Akabonyeza. Chini ya skrini mstari ukaanza kujaa pole pole, na namba juu yake: kumi, ishirini, thelathini.

"Ilikuwa inazimika kwenye arobaini," Diệu akasema.

Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Kaka Chín alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Arobaini. Arobaini na moja. Hakupumua mpaka sitini.

Uso ukashuka kutoka juu, kipande kwa kipande. Paji. Nywele zimebanwa nyuma. Nyusi. Macho ya mtu anayekuuliza ulikuwa wapi. Shavu la kushoto likajikusanya kutoka kwenye lile la kulia. Ulipofika kidevuni, sote watatu tulikuwa tumesimama wima kama wanafunzi.

Kaka Chín akatazama muda mrefu. Kisha akasogea hadi pua ikakaribia kioo.

"Kuna baka. Hapa juu ya nyusi. Limekwenda wapi?"

Diệu akaangalia kipicha cha awali. "Hilo doa? Programu imelifuta, Mjomba. Nilidhani ni unyevu."

"Unyevu!" Sauti ikampasuka. "Unyevu gani unakaa mahali pamoja miaka sabini? Nilikuwa nalibonyeza nikiwa mdogo, ananipiga kofi. Rudisha."

Diệu akalirudisha. Akamwongezea na mkunjo wa paji ambao programu iliulainisha, maana Kaka Chín alisema mama hakuwa mwigizaji wa filamu, alikuwa na watoto wanane. Nikachungulia na mimi. Sikumjua marehemu, lakini nikajua ni mama wa Kaka Chín nilipoiona sura ile ya kulalamika.

"Huyu naye angesema supu yangu ina mvuke," nikasema.

"Angesema ina chumvi pia," akajibu, akijifuta macho kwa mgongo wa mkono, akisingizia vumbi la ndani ya kompyuta.

Siku ya kumbukumbu nilialikwa, nikapeleka mkono wangu kwenye nyama ya nguruwe ya kuchemsha na mayai kwa maji ya nazi, kwa kuwa Lành anaifanya tamu mno. Ndugu walijaa hadi barazani. Picha ilikuwa juu ya madhabahu, ubani mbele yake, imefunikwa kwa kitambaa. Kaka Hai akaingia wa mwisho, sigara mdomoni, tayari ameshalifungua domo lake kwa ule mzaha wa kila mwaka. Kaka Chín akavuta kitambaa.

Mzaha haukutoka. Mzee wa miaka sabini na sita, mwenye vitukuu, akaitoa sigara mdomoni haraka akaificha nyuma ya mgongo.

Hakuna aliyecheka mara moja. Kisha dada yao mmoja akaona moshi unapanda nyuma ya kola yake, na nyumba ikaanguka kwa kicheko, wengine kwa kilio, wengi kwa vyote viwili. Kaka Hai akasema tu, "Ndiye." Akaenda kuizima nje.

Kesho yake asubuhi, supu imeanza kuchemka, nikasikia kitu kinaburutwa mferejini. Kaka Chín amekuja na kifuniko. Si kile cha bati jepesi. Cha alumini nene, ya zamani, na mshikio wa mbao; baadaye nilisikia alikwenda kukitafuta kwa muuza vyuma chakavu wa ng'ambo ya mto, akavipima vyote kwa kiganja. Kwenye mshikio alikuwa amefunga kamba nyekundu.

Hakusema samahani. Huyo hana neno hilo. Akilitamka meno yatamtoka. Alininyooshea ncha ya kamba.

"Shika."

Nikashika. Ndipo nilipokiweka juu ya sufuria, kikapitiliza kila upande kwa vidole viwili, kikayumba, kikaegemea kama kofia ya mlevi.

"Kikubwa," nikasema.

"Kizito, lakini. Ona uzito huo."

"Ulipima sufuria?"

"Kamba umeshaishika, Dada Sáu."

Wateja wakanitazama. Nikageuza kifuniko kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka kikatulia. Upande mmoja tu ulibaki wazi, na mvuke ukajipenyeza hapo mwembamba, ukavuka mfereji, ukaenda moja kwa moja kwenye rafu ya juu alikolirudisha tofali lake.

Aliuona. Akaufuata kwa macho toka mwanzo hadi mwisho. Nikangoja.

"Nipe bakuli moja," akasema, akavuta kiti. "Usitie chumvi nyingi."

"Kifuniko sikudai tena," nikamwambia, nikamwekea mfupa mkubwa.